Nyonga Zangu Juu ya Meza ya Koplo

Leo nimeumbuka. Tena nimeumbuka kwa nguo ya aina ile ile iliyoniumbua nikiwa na miaka kumi na saba, wakati wa vita vya Shifta, serikali ilipopigana na waasi wa msituni. Nguo moja, aibu mbili, na katikati yake karibu miaka sitini.

Nianze na aibu ya leo, kwa sababu mmoja wenu humu kundini amenuna na ana haki ya kununa.

Asubuhi hapa kwangu, mtaa wa Waberi, walikuwepo hawa: Hodan, mjukuu wangu anayeolewa. Sahra, mama yake, ambaye ni binti yangu wa tatu. Mwende, binti wa marehemu rafiki yangu Mama Mwende (kwa ajili yake naandika Kiswahili, maana Kisomali chake ni cha kununulia maziwa tu). Na Ruqia, mama wa bwana harusi, aliyeingia nyumba hii kwa mara ya kwanza kuja kutuona tulivyo.

Hodan akatoka chumbani amevaa gorgorad yake mpya. Wasiojua: gorgorad ni sketi ya ndani, ya kuivimbisha nguo ya juu. Hii ya Hodan ni ya wavu, tabaka juu ya tabaka, na pindoni imezungushiwa waya. Akainama akitaka kukaa. Mimi nikaona ule waya. Nikapiga ukelele ambao sijapiga tangu mwaka ngamia wetu walipoingia duka la sukari.

"Usikae!"

Hodan hakukaa. Tatizo ni kwamba Ruqia naye alikuwa anakaa. Alikuwa amefika katikati, mkono mmoja umeshagusa mto. Akanitazama. Nikamtazama. Akanyanyuka polepole, akasema, "Samahani, mama," akachukua mkoba wake akaondoka. Chai ya maziwa ya ngamia ikabaki inatoa moshi.

Kwetu hata adui hukalishwa kwanza, ndipo mkagombana. Mimi nimemzuia mkwe asikae.

Sasa Sahra ananiambia, Hooyo (yaani mama), andika ukweli wote kwenye kundi la harusi, Ruqia asome. Haya. Naandika kwa kidole kimoja, Hodan ananirekebishia herufi. Maneno ni yangu.

Siku ile ya kwanza, pale kwenye kizuizi cha barabarani Garissa, walikuwepo watu hawa. Mama yangu, Halima. Eedo Saadia, dada wa baba yangu. Koplo Mutua, askari wa kizuizi. Mama Mwende, mke wa askari mwenzake, ambaye kazi yake ilikuwa kupekua wanawake. Mama Faduma wa Modogashe, ambaye nilitaka awe mama mkwe wangu. Na mbuzi mmoja. Wengine walikuwa wengi lakini walicheka tu, hawakuongeza kitu.

Nguo ilitoka kwa Eedo Saadia. Yeye alikuwa akifua nguo katika nyumba ya bwana mkubwa mmoja Mzungu. Walipofunga mizigo kurudi kwao, memsahibu akampa sanduku la bati. Ndani mlikuwa na viatu viwili vya hariri, vya rangi ya ulimi wa paka, vyenye riboni, na ncha zake ngumu kama kwato. Mlikuwa na sketi fupi ya wavu mweupe, tabaka kumi na mbili (nilihesabu), imeshikana na kizibao cha shanga. Sketi yenyewe haikulala. Ilisimama pande zote kama sinia, kwa sababu mlikuwa na waya. Na mlikuwa na picha ya memsahibu mwenyewe akiwa msichana, amevaa hivyo hivyo, amesimama kwenye ncha ya kidole kimoja cha mguu, mikono juu.

Mama yangu aliitazama picha ile muda mrefu. Akasema, maskini, amekanyaga mwiba.

Hatukumbishia. Kwetu mtu akisimama hivyo ana mwiba. Juzi tu Hodan ndiye aliyenionyesha kwenye simu kwamba ile ni ngoma ya Wazungu, inaitwa baleti, na kwamba hata gorgorad za siku hizi na viatu bapa vya riboni wanavyovaa wasichana vimetoka huko. Nikamwambia, mjukuu wangu, habari hiyo ilifika Garissa kabla yako.

Eedo alijaribu viatu, akashindwa hatua ya tatu, vikawa vya kuwekea sindano na nyuzi. Ile sketi akaifanya kawa. Ilifunika anjera, nzi wakabaki nje wanaangalia. Miaka miwili ilifanya kazi hiyo, mpaka ikanuka samli.

Sasa mimi. Abdullahi alikuwa amenitaka, na mimi nilikuwa nimemtaka zaidi (hilo hakulijua mpaka tumezaa watoto wanne). Alikuwa Isiolo, hana kibali cha kusafiri. Siku zile kutoka mji mmoja kwenda mwingine kulihitaji karatasi, na magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma. Mama yake ndiye aliyepata karatasi. Akatuma neno kwamba anakuja Garissa kunitazama kabla hajasema ndiyo.

Mama Faduma alikuwa na sifa. Alikwisha kukataa wasichana wawili. Wa kwanza kwa sababu alicheka kinywa wazi mbele ya wakubwa. Wa pili kwa sababu alikuwa mwembamba. Juu ya yule wa pili alisema neno lililotembea kutoka Modogashe mpaka kwetu bila gari: "Natafuta mke wa mwanangu, sitafuti fimbo ya kuchungia."

Mimi nilikuwa mwembamba kuliko yule wa pili. Nikisimama kando ya nguzo ya nyumba, watu waliisalimu nguzo. Abdullahi aliwahi kuniletea kioo chenye mpini, zawadi nzuri, nami nikakitumia kujua mama yake atasema nini.

Zikabaki siku nne. Mama akaninywesha maziwa na samli asubuhi, mchana na jioni. Nikanenepa mashavu tu. Siku ya tatu Eedo Saadia akafunua anjera, akashika ile sketi mkononi, akanitazama kiunoni. Akaitazama sketi. Akanitazama tena.

Akaitwa Fundi Awadh mwenye cherehani sokoni, mtu wa heshima na siri. Hakunigusa hata kidogo. Alikaa barazani, Eedo akanipima kwa kamba na kumpelekea kamba. Akakata kizibao akakitupa. Akaishona ile sketi kwenye mkanda wa marekani. Halafu, na hapa ndipo penye ujuzi, akaukunja waya chini na kuukaza kwa nyuzi, kushoto na kulia, mbele na nyuma, ili ile sinia iwe mviringo wa nyonga. Nikaivaa juu ya shimizi yangu ndefu, juu yake nikafunga guntiino ya mama, lile vazi refu la kufunga begani. Mama akalia. Alisema nimefanana na bibi yake.

Fundi Awadh alipokuwa anaondoka alimwambia Eedo neno moja tu. Zile nyuzi ni za kusimamia. Asikae.

Mnaona sasa? Neno hilo lilinikaa kichwani miaka sitini, leo likanitoka mbele ya Ruqia.

Basi. Msafara wa Modogashe ulitarajiwa Alhamisi kabla ya adhuhuri. Tukaenda kizuizini kumpokea mgeni, mama kulia kwangu, Eedo kushoto, mimi katikati na nyonga zangu. Njiani wanawake waligeuka kunitazama. Mmoja alimwuliza mama ananilisha nini. Sijawahi kutembea vizuri kama siku ile. Nilitembea kama ngamia wa mbele, mwenye kengele.

Tulichosahau, na tungekumbukaje, tulikuwa tumeshughulika na nyonga, ni desturi ya kizuizi. Kila aliyekuja kupokea msafara alikalishwa chini. Mistari miwili, wanaume huku, wanawake huku, vipande vya utambulisho mkononi. Kila mtu Garissa alilijua hilo. Hata watoto wakicheza kizuizi walianza kwa kukaa.

Wote wakakaa. Nikabaki mimi, nimesimama kama mlingoti wa bendera.

Koplo Mutua akaja. Alikuwa mtu mpole kwa kawaida, lakini kawaida yenyewe ilikuwa chache siku zile. Akaniambia nikae. Nikasema naumwa goti. Wakati huo huo Eedo akasema nina jipu. Na mama, ambaye alikuwa hajawahi kudanganya askari, akasema nimeweka nadhiri.

Koplo akatutazama mmoja mmoja. "Goti, jipu na nadhiri," akasema. "Kaa chini, dada."

Na hapo ndipo lori la kwanza la msafara lilipofika na kusimama hatua kumi kutoka kwetu, na mbele, karibu na dereva, nikamwona mwanamke mwenye shela jeusi na macho makali. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani.

Nikakaa.

Tak. Tak. Tak-tak. Nyuzi za Fundi Awadh.

Mbele ya guntiino ikainuka mpaka ikanifunika uso. Nikaikandamiza kwa mikono miwili. Nyuma ikainuka. Nikakandamiza nyuma. Mbele ikarudi. Nilikuwa mizani ya duka, upande huu ukishuka ule unapanda. (Shimizi ilikuwa ndefu mpaka kifundo cha mguu, alhamdulillahi, sikukosa stara.) Nilisikia mama ananong'ona aya, na sauti yake ilitoka mbali, nyuma ya kitambaa.

Lakini hakuna aliyecheka. Askari wawili walirudi nyuma hatua mbili na kushika bunduki zao vizuri. Siku zile askari akirudi nyuma hatua mbili watu hawacheki. Kila mtu pale alimjua mtu aliyekwenda na asirudi kwa sababu ya kitu kidogo alichokutwa nacho.

Mama Mwende akanishika mkono. Alinipeleka nyuma ya pazia la magunia, akaingiza mkono, akapapasa, akasimama. Akapapasa tena. Kisha akaniangalia usoni kama mtu aliyenihurumia, akafungua mkanda na kuitoa yote.

Alipotoka nayo nje, mimi nilibaki na mwili wangu.

Nyonga zangu zikawekwa juu ya meza ya Koplo. Meza ilikuwa wazi barabarani, ndipo walipokagua vipande vya abiria. Na aliyesimama mbele ya meza, kipande mkononi, wa kwanza kushuka kwenye lori, ni Mama Faduma. Akazitazama nyonga. Akanitazama nikitoka nyuma ya magunia, guntiino imening'inia kama imetundikwa msumarini. Akazitazama nyonga tena. Hesabu yake aliimaliza pale pale.

Koplo alizigusa kwa kalamu. Akainua tabaka moja, akaona la pili, la tatu. Akanusa (samli). Uso wake ukabadilika. Akasema hiki ni chandarua. Hiki ni chandarua kimekunjwa mara kumi na mbili, na huku msituni kuna watu wanaoumwa na mbu. Nani alikishona?

Hapo, jamaa zangu, nyonga nilizisahau. Ndoa niliisahau. Nilimwona Fundi Awadh na cherehani yake wakichukuliwa wote wawili. Nikasema nilishona mimi. Eedo akasema alishona yeye. Mama akasema kimeshonwa na Mungu.

"Si chandarua," Eedo akasema. "Ni nguo."

"Nguo ya nani?"

"Ya Mzungu."

Koplo akasema, kama ni nguo, avae tumuone. Juu ya nguo zake. Hapa hapa.

Nikavaa. Sasa haikuwa na nyuzi, ikasimama pande zote kama alivyoiacha memsahibu, kama sinia, na mimi katikati kama birika. Abiria wa malori mawili wakiangalia. Wauza ng'ombe wakiangalia. Ngamia mmoja akiangalia. Koplo akatikisa kichwa kwamba hakuna binadamu anayevaa hivi, maana atafanya kazi gani nayo?

Eedo Saadia akakumbuka picha. Picha haikuwepo, ilikuwa sandukuni. Basi yeye, mwanamke wa miaka hamsini, mama wa watu, akainuka kwenye mstari, akapanda juu ya vidole vya miguu na kuinua mikono kichwani. "Hivi," akasema. "Mzungu husimama hivi."

Koplo alinigeukia. Akaonyesha kwa kalamu kwamba nami nifanye.

Nikafanya. Nikapanda juu ya vidole, mikono juu, jua la Garissa usoni, ndoa yangu hatua tatu mbele yangu. Nikatulia kabisa. Ningeweza kumaliza salama. Lakini yule mbuzi alikuwa amesikia harufu ya samli. Akaja kwa nyuma, akauma tabaka la chini na kuvuta. Nami, badala ya kushuka, nikazunguka. Mbuzi akazunguka. Nikazunguka mara ya pili, mikono bado juu, kwa sababu Koplo hakusema nishushe.

Kikasikika kicheko.

Kilitoka kwa Mama Faduma. Mwanamke aliyemkataa msichana kwa kucheka kinywa wazi alikuwa amefungua kinywa chote, mpaka tukaona siri yake: meno mawili tu, moja juu, moja chini, hayakutani. Alicheka akashika meza. Machozi yakamtoka. Ndipo lori zima likacheka, na wauza ng'ombe, na Mama Mwende, na mwisho Koplo Mutua mwenyewe, amejiziba kwa kofia. Wale askari wawili wakashusha bunduki.

Mama Faduma akajifuta macho kwa ncha ya shela. Akamwambia Koplo aniachie, mimi ni mke wa mwanawe.

Koplo akaniangalia juu mpaka chini, kama mtu anayetaka kusaidia. Akasema, "Huyu, mama? Mbona amekonda hivi?"

"Nyumba yetu ni mikeka na vijiti," Mama Faduma akamjibu. "Mikeka ni minene. Vijiti ndivyo vinavyoisimamisha."

Nimelisikia neno hilo mara nyingi tangu siku ile, kwa watu wasiojua lilisemwa wapi. Lilisemwa kizuizini, juu yangu, nikiwa nimeshikwa na mbuzi.

Alikaa kwetu siku tisa akingojea msafara wa kurudi. Siku ya pili, tulipobaki wawili tunachambua mchele, aliniuliza kwa sauti ndogo kama nitahitaji tabaka zote kumi na mbili. Nikauliza kwa nini. Akageuka, akajipiga nyuma kwa kiganja. Palikuwa patupu kama kwangu. Aliniambia miaka yote amekuwa akifunga shuka la ziada, na joto linamuua.

Basi Fundi Awadh akatoa waya, akaigawa ile sketi. Tano zangu, tano zake. Mbili nilimpelekea Mama Mwende, akamshonea Mwende gauni la Krismasi, Mwende akiwa na miaka minne (picha anayo, mwambieni aitume hapa). Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza, kwa yule aliyenivua nyonga. Baada ya Idi wanawake wa mji walikuwa wanamletea Fundi Awadh vyandarua vizima, anakata, anatia rangi. Nyumba nyingi zililala na mbu mwaka ule, lakini mchana tulipendeza. Hata pale kizuizini mambo yalibadilika. Ukifika umevimba, Koplo Mutua aliuliza jambo moja tu: ina waya au haina waya?

Abdullahi alipata karatasi yake miezi mitano baadaye. Usiku wa harusi sikuvaa kitu chochote cha wavu. Mungu amrehemu, alisema mama yake alimweleza kila kitu na kwamba alisikitika kukosa sehemu ya mbuzi.

Ndiyo hiyo habari. Ruqia, sikukufukuza. Nilimwona Hodan akishuka na ule waya, nikaona meza ya Koplo. Wewe ulikuwa tu njiani mwa ukelele.

Msinicheke sana, nina shinikizo la damu.

Na waliokuwepo au waliosimuliwa, kama nimekosea mnisahihishe. Mwende, mama yako alisema mbuzi alikuwa mweupe au mwenye baka? Mimi nakumbuka baka sikio la kushoto. Na siku ilikuwa Alhamisi au Jumatano? Ruqia, wewe mamako alitoka Modogashe, huenda alikuwa juu ya lori lile. Kama alikusimulia tofauti, nisahihishe. Ila usinisahihishe kwa simu. Mto nimeuacha pale pale, chai ipo jikoni. Njoo unisahihishe ukiwa umekaa.